Ladha ya kiazi katika kahawa ya Kivu: je, ni kosa la mbegu?

Mwaka uliopita baba mdogo alinipigia simu kutoka Kalehe. Mnunuzi alikuwa amekataa loti ya kahawa ya kundi lao, sababu vikombe viwili vya kuonja vilitoa ladha ya kiazi kibichi. Akaniuliza: "Mtoto wangu, weye njo ulisoma agronomia. Mbegu yetu imeharibika? Ning'oe miti yote, nipande ingine?" Nilikuwa na lisansi mkononi, lakini jibu sikuwa nalo. Ilibidi nirudi kwenye vitabu.

Kweli kuna ladha ambazo mti unarithi. Arabika ilizaliwa na aina mbili za kahawa zilizochanganyika, robusta na eugenioides. Njo maana ina kromosomu 44, na robusta 22. Jeni za robusta zinaipa kafeini nyingi na asidi ya klorojeni nyingi, kwa hiyo inakuwa kali na chungu. Hata aina kama Catimor, zenye damu kidogo ya robusta ili zivumilie kutu ya majani, zingine zinapoteza utamu kikombeni. Hapo ukibadilisha mbegu, unabadilisha ladha.

Lakini kiazi ni kesi ingine. Ile harufu inaletwa na molekuli ya kundi la pirazini, ile ile iliyo ndani ya kiazi kibichi. Pua ya mtu inaisikia hata ikiwa kidogo sana, kwa hiyo punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Mdudu Antestia anatoboa tunda kwa kulinyonya, na kwenye kidonda bakteria zinapata mlango. Mwaka 2015 watafiti walieleza bakteria moja iliyotolewa kwenye kahawa ya eneo letu la Maziwa Makuu, wakaiita Pantoea coffeiphila. Inaweza kutengeneza ile molekuli yenyewe. Kwa hiyo jeni za kutafuta hapa si za mti peke yake: bakteria nayo iko na zake.

Basi nilimjibu: "Baba, using'oe." Mti mpya ungemkalisha karibu miaka 3 bila mavuno, na mdudu angehamia kwenye miti michanga vile vile. Nilimwambia akate matawi ili mwanga uingie, kwa sababu Antestia anapenda kichaka. Aokote wadudu kwa mkono. Matunda yakifika, ayatie kwenye maji na kutoa yanayoelea. Kisha wamama wachague punje zenye alama za kutobolewa. Kuna punje mbaya ambazo jicho halizioni, kwa hiyo kazi inaanzia shambani, haiwezi kungoja meza ya kuchagulia.

Miti yake ingali imesimama. Wewe uliyesoma kilimo, kwenu kijijini wanakuuliza nini? Kabla ya kusema "badilisheni mbegu", uliza kwanza ladha mbaya inatoka kwa nani.