Hedi Ibaki Ilipo: Kubadili Kemshafti ya Land Cruiser (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi kemshafti inavyolika: oili iliyochelewa kubadilishwa hujaa masizi, nundu za shafti zikasuguana na tapeti bila utelezi wa kutosha, ncha zikapungua, na vali zikawa hazifunguki kwa kimo chake. Swali la leo ni kama hedi lazima ifunguliwe ili shafti hiyo itoke. Kwa Land Cruiser mkonga zinazobeba abiria, wagonjwa na watalii kati ya Wasso, Digodigo, Samunge na Ngare Sero, ambazo nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ, jibu langu ni hapana. Nadai na zaidi ya hapo: fundi anayefungua hedi bila ushahidi kwamba hedi ina ubovu anaiongezea injini ugonjwa.

Ushahidi wa kwanza ni umbo la injini yenyewe. Toyota ilipoitoa 1HZ mwaka 1990, yenye silinda sita na ujazo wa cc 4,164, iliachana na mpango wa 2H iliyotangulia, ambayo kemshafti yake imelala ndani ya bloku na husukuma vali kwa pushi rodi. Kemshafti ya 1HZ iko juu kabisa, chini ya kifuniko cha vali, imeshikwa na kepu zenye bolti zake, na huzungushwa na mkanda mfupi wa taimingi unaofikika kwa mbele. Shafti hunyanyuliwa bila bolti yoyote ya hedi kuguswa. Waliochora injini walizitenga kazi hizi mbili, na sioni kwa nini fundi aziunganishe.

Ushahidi wa pili ni mahali. Gasketi ya hedi ikishabanwa haifai kurudishwa, uso wa hedi lazima upimwe kama umepinda, na ukiwa umepinda inahitajika mashine ya kuusawazisha. Kutoka Sale, kuifuata mashine hiyo ni kushuka Ngare Sero, kupita Engaruka hadi Mto wa Mbu, kisha Karatu au Arusha. Lami ya Wasso hadi Sale imeondoa adha ya kipande kimoja tu. Halafu kuna vumbi. Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007 na 2008 na kumwaga majivu, na hata bila mlipuko njia hiyo hutimua vumbi laini linalopenya kila mahali. Waliokwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile wanalikumbuka. Kuacha silinda sita wazi kwenye hewa ya namna hiyo, huku hedi ikisubiri usafiri, ni kuzikaribishia mikwaruzo. Kifuniko cha vali nacho hufunguliwa chini ya paa, baada ya injini kupulizwa, lakini hicho hufunikwa tena siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba hedi ikitoka, vali na pistoni zitaonekana kwa macho, na macho hayadanganyi. Ni kweli, ila hali ya vali hujulikana bila kuzitoa. Kipimo cha mgandamizo peke yake hakitoshi hapa, kwa sababu nundu ya vali ya kuingizia hewa ikilika, silinda hupata hewa pungufu na mgandamizo hushuka hata kama vali ni nzima. Dawa ni kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi wakati vali zote mbili za silinda hiyo zimefungwa, kisha kusikiliza. Hewa ikitokea kwenye eksozi, vali ya kutolea moshi inavuja. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Radieta ikitoa mapovu, gasketi au hedi yenyewe ina ufa. Silinda zote zikishika hewa, sababu ya kufungua hedi imekwisha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nusu ya kila beringi ya kemshafti imechongwa kwenye hedi yenyewe. Basi ipimwe: uzi laini wa plastiki hulazwa kati ya shafti na kepu, kepu inakazwa kisha inafunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na kipimo cha kitabu. Nafasi ikizidi, nakubali hedi itoke, maana kepu zilichongwa pamoja nayo na haziazimwi kutoka injini nyingine.

Hatari halisi ya kazi hii imejificha kwingine. Kepu zikifunguliwa kutoka upande mmoja, springi za vali huiinua shafti ikiwa bado imebanwa upande wa pili, na inaweza kuvunjika. Bolti zote hulegezwa kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa. Shafti ikishatoka, vali zote zimefungwa, na huo ndio wakati wa kuzungusha krenki nyuma kutoka alama ya juu. Aliyezoea silinda nne atarudisha nyuzi 90, na kwenye silinda sita atakuwa ameziacha pistoni mbili nyuzi 30 tu kutoka kileleni. Nyuzi 60 huzishusha pistoni zote takriban milimita 30 au zaidi, hivyo shafti mpya ikikazwa imegeuka vibaya hakuna vali itakayogonga. Kisha shafti huwekwa kwenye alama yake, krenki ikarudishwa mbele nyuzi zilezile 60, na mkanda ukavalishwa.

Baada ya hapo filagaji ndiyo yenye neno. Injini ikiwa baridi, nafasi ya vali za kuingizia hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, na za kutolea moshi 0.35 hadi 0.45. Vali ya kuingizia yenye nafasi ya 0.30 na shimu (kibati cha kurekebishia nafasi hiyo) ya 2.50 inahitaji shimu ya 2.60, yaani shimu ya zamani ikiongezewa tofauti kati ya nafasi iliyopimwa na 0.20. Hesabu ya vali zote 12 ikamilike kabla ya kuagiza shimu mjini, na tapeti zenye uso uliochimbika ziagizwe pamoja nazo.

Hoja hii ina mpaka. Kwenye Land Rover yenye injini ya Td5, bolti za hedi hupita kwenye fremu inayoshika kemshafti, kwa hiyo kuigusa shafti ni kuilegeza hedi. Mwenye gari hilo awe na gasketi na bolti mpya za hedi mkononi kabla spana haijashikwa.