Maji Yakipwa Yanakwenda Wapi?

Huko Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, tulimsikia mtoto akimwuliza baba yake, "Baba, maji yakipwa yanakwenda wapi?" Baba akacheka. "Kamwulize mwalimu. Mimi sikusoma." Kumbe baba yule ni mvuvi, siku za bamvua anazijua kichwani! Kwa jambo hili anamshinda mwalimu aliyetoka bara.

Jibu ni hili. Mwezi huivuta dunia, na maji ya bahari husogea kwa urahisi. Upande unaoelekea mwezi, maji huinuka. Upande wa pili pia huinuka, kwa sababu huko mvuto wa mwezi ni mdogo zaidi. Kati ya pande hizo maji hupungua. Dunia hujizungusha kila siku, basi pwani yetu hupita penye maji mengi mara mbili, na penye maji machache mara mbili. Mwambie mtoto: maji yakipwa kwetu, yanajaa pwani za mbali.

Mwezi nao unatembea, unaizunguka dunia. Ndiyo maana maji huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Leo yakijaa saa 3 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 4 kasoro dakika 10.

Na bamvua je? Jua pia huvuta, ila si sana kama mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu katika mstari mmoja, na mivuto hiyo miwili husaidiana. Wakati wa nusu mwezi haisaidiani. Hayo ndiyo maji mafu.

Usiku washa koroboi, uweke juu ya meza. Hiyo ni jua. Mtoto ashike chungwa (machungwa ya Muheza hayakosi) na kunyosha mkono. Kichwa chake ni dunia, chungwa ni mwezi. Ajizungushe polepole akilitazama chungwa. Likielekea taa, ataona upande wenye giza: mwezi unaandama. Akiipa taa mgongo, aliinue chungwa kidogo juu ya kichwa. Litang'aa lote: mwezi mpevu.

Tunayasema haya kwa sababu ya mafungu. Siku za bamvua mafungu hukauka mbali, na watoto hufuata pweza huko huko. Lakini hapa Tanga maji ya bamvua huweza kupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 tu, na hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya fungu na nchi kavu. Mtoto anatazama mbele, kumbe nyuma njia imefungwa.

Basi kesho nendeni naye pwani maji yakijaa. Achomeke kijiti pale yalipofika, aandike saa katika daftari. Fanyeni hivyo siku 7. Siku ya 8, kabla hamjatoka nyumbani, mwulize: leo maji yatajaa saa ngapi?