VIKOMBE VYA NGUZO ZA STIMA: NAMNA VINAVYOTENGENEZWA

Kila mwanafunzi wa Rubongi, Tororo na Busia amepata kuziona nguzo kubwa za chuma zinazochukua waya za stima juu ya mashamba ya mihogo na mtama. Akitazama vizuri ataona ya kuwa waya haigusi chuma cha nguzo hata kidogo. Kati ya waya na nguzo pana mnyororo wa vitu mfano wa visahani, kimoja chini ya kingine. Watu wengi huviita vikombe. Mafundi huviita insuleta. Siku hizi vingine ni vya kioo au vya mpira, lakini vya tangu zamani ni vya udongo uliochomwa. Wengi hudhani kwamba kuvitengeneza ni kazi ya ajabu, isiyo na uhusiano wowote na vyungu vya nyumbani. Sivyo. Ni kazi ile ile ya ufinyanzi, ila imefuatwa mpaka mwisho wake.

Kwanza na tujue vilivyofika kwetu. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1958 Uganda ikaanza kupeleka stima Kenya kwa waya za volti 132,000 zilizopita Tororo, na hata leo Tororo ni mlango wa stima kati ya nchi hizi mbili. Waya hizo ni tupu, hazikuvikwa kitu. Kama zingegusa nguzo, umeme ungeshuka ardhini mara moja, na mtu aliyeishika nguzo angeweza kufa. Kinachotenga waya na nguzo ni vikombe tu, kama kumi katika kila mnyororo. Tena vikombe hivyo hivyo hubeba uzito wa waya na nguvu ya upepo. Basi vina kazi mbili, kuzuia umeme na kuchukua mzigo, juani na mvuani, kwa miaka mingi.

Sasa ufikirie mtungi wa maji wa nyumbani. Mtungi hutoka jasho. Maji hupenya katika vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, yakafika nje, yakakauka kwa hewa, na kwa kukauka huko maji yaliyobaki ndani hupoa. Vitundu hivyo ndivyo wema wa mtungi. Lakini kikombe cha stima chenye vitundu hakifai kitu, kwa sababu maji yataingia ndani yake na umeme utafuata njia ya maji. Siri yote ya kiwanda, basi, ni hii moja: kuviziba vitundu vyote.

Mama mfinyanzi wa upande wetu huchimba udongo kinamasini, huutoa mawe na mizizi, kisha huukanda. Kiwandani huchanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni udongo, hasa ule mweupe uitwao kaolini, pamoja na udongo mwingine unaonata zaidi. Kwa kawaida udongo ni kama nusu ya mchanganyiko. Cha pili ni jiwe liitwalo felspa. Cha tatu ni kwazi, yaani lile jiwe gumu jeupe ambalo chembe zake ndizo mchanga mwingi tunaouona. Kila kimoja kina kazi yake. Udongo huwezesha kufinyanga. Felspa huyeyuka motoni ikajaza vitundu. Kwazi ni kama mifupa: hukizuia chombo kisilegee na kupinda wakati felspa inapoyeyuka.

Mawe husagwa ndani ya pipa kubwa linalozunguka, lenye mawe magumu ya mviringo ndani yake, mpaka yawe unga laini sana. Unga huchanganywa na udongo na maji ukawa uji. Uji huchujwa, kisha hupitishwa penye sumaku ili kunasa chembe za chuma, maana chembe za chuma hukidhoofisha kikombe. Halafu hukamuliwa maji katika vitambaa vinavyobanwa na mashine, na kinachobaki ni bonge la udongo. Bonge hutiwa katika mashine nyingine inayoukanda udongo na kuinyonya hewa yote iliyomo. Mama mfinyanzi naye huupiga na kuukanda udongo wake kwa sababu hiyo hiyo, ila mikono yake haiwezi kuitoa hewa yote.

Baada ya hapo udongo hutiwa katika kalibu inayozunguka, na chuma chenye umbo hushuka juu yake kuukandamiza. Umbo hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Upande wa juu una mteremko ili mvua itiririke. Upande wa chini una mikunjo ya duara, mmoja ndani ya mwingine, ambayo hubaki mikavu hata mvua ikinyesha, tena huirefusha njia ambayo umeme ungelazimika kupita juu ya uso wa kikombe.

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Naam, lakini ukisha kuuwahi, usiuharakishe kukauka. Udongo ukikauka hunywea. Ukingo mwembamba wa kikombe hutaka kukauka kabla ya kichwa chake kinene, na sehemu moja ikinywea upesi kuliko nyingine, huvutana na kupasuka. Kwa hiyo vikombe huwekwa katika vyumba ambamo joto na unyevu wa hewa hupimwa. Kutoka kufinyangwa mpaka kuchomwa, kikombe hupungua kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi, na fundi lazima akipige hesabu kabla ya kutengeneza kalibu.

Kikisha kukauka, huchovywa katika uji mwingine ambao motoni hugeuka kuwa ngozi laini kama kioo, mara nyingi ya rangi ya kahawia. Ngozi hii hufanya mvua ioshe vumbi kwa urahisi, tena hukiongezea kikombe nguvu.

Sasa moto. Vyungu vyetu huchomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi, na moto huo mara nyingi hufika digrii 600 mpaka 900. Udongo hushikamana, lakini vitundu hubaki. Tanuri ya kiwanda hupandishwa polepole mpaka digrii 1,200 au 1,300. Felspa huyeyuka, hupenya kati ya chembe na kuziba kila nafasi, na ndani ya udongo huota fuwele nyembamba kama sindano zinazofungana. Hapo udongo umekuwa kauri. Kupoza nako kwataka subira. Kwazi hubadilika ukubwa ghafula inapopita digrii 573, na tanuri ikipoa upesi hapo, kazi yote ya siku nyingi huharibika.

Mwisho kikombe huvikwa kofia ya chuma juu na kutiwa msumari mnene wa chuma chini, na vyote viwili hushikwa kwa saruji. Kisha hujaribiwa. Huvutwa kwa mashine, hupigwa kwa umeme mwingi, na vipande vya kauri iliyovunjwa hulowekwa katika rangi nyekundu kwa nguvu kubwa. Rangi ikionekana imepenya ndani ya kauri, vitundu havikuziba, na vikombe vilivyochomwa pamoja navyo havifai.

Msomaji na akumbuke hayo akiwa na manati mkononi. Jiwe moja laweza kutia ufa chini ya ile kofia ya chuma, mahali ambapo jicho haliwezi kuuona. Mvua ikija, kikombe hicho hakizuii tena umeme, na kazi yake huwaangukia wenzake katika mnyororo. Wakivunjika wengi, stima hukatika, na hospitali yenye mgonjwa juu ya meza ya kupasuliwa huingia gizani. Mnyororo wenyewe ukikatika, waya hai huanguka shambani kwa mtu.

Neno la mwisho ni kwa wanaosoma sayansi na kwa wanafunzi wa zamani walio makazini. Uganda imekuwa ikinunua vikombe hivi kutoka nchi za nje. Lakini mwaka 2006 Mganda Peter Olupot, akisoma katika chuo cha ufundi cha kifalme huko Stockholm, Uswidi, alitoa uchunguzi wake juu ya kaolini na felspa ya Mutaka, felspa ya Lunya, udongo wa Mukono na mchanga wa ufuko wa Lido, Entebbe. Mwaka 2010 yeye na wenziwe walichapisha habari za kauri ya umeme waliyoitengeneza kwa vitu hivyo vya nchini. Mfinyanzi hulia gaeni, na sisi wenye udongo twanunua kauri kwa wengine. Mwenye kutaka kuanza na aende kwa mama mfinyanzi aliye karibu naye, amwombe kipande cha chungu, akipime kwa mizani kikiwa kikavu, akiloweke majini usiku kucha, akipangushe na kukipima tena. Uzito utakaozidi ni maji yaliyoingia katika vitundu. Afanye vivyo hivyo kwa kipande cha kikombe cha chai cha kauri, kisha aulize ni moto gani ulioleta tofauti hiyo.