Kwa Miguu Udzungwa: Kima, Maporomoko na Mzigo wa Kuni



Likizo iliyopita nilitumwa kwa uchungaji katika parokia moja ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kila asubuhi tulipotoka Misa, milima ya Udzungwa ilikuwa mbele yetu, vilele vimefunikwa na mawingu. Siku moja vijana wakaniuliza, "Frateri, wiki tatu uko hapa na bado hujapanda?" Niliona aibu. Tukachangishana nauli na kiingilio, tukaenda.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ukitoka Mikumi unafuata barabara ya Kidatu kuelekea Ifakara, hadi Mang'ula yalipo makao makuu. Tofauti na Mikumi au Serengeti, hapa hakuna kuzunguka na gari kutafuta simba. Hapa mgeni anatembea kwa miguu, akiongozana na mwongozaji.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeilisha mvua kwa muda mrefu mno, na misitu yake imetengwa kama visiwa. Ndiyo maana ina viumbe wasiopatikana penginepo. Msitu wa Udzungwa unaanzia chini kabisa, karibu mita 250 kutoka usawa wa bahari, ukipanda hadi juu sana; kilele cha Luhombero kina mita 2,576.

Tulichagua njia ya maporomoko ya Sanje, kwa kuwa inatosha nusu siku. Maji huanguka kwa ngazi, jumla ya mita 170. Ukisimama chini yake, manyunyu yanakulowesha na huwezi kusikilizana na jirani yako.

Njiani tuliwaona mbega wekundu, ambao makazi yao ni milima hii na misitu iliyo karibu nayo tu. Hawana dole gumba, na tumbo lao lina vyumba vya kuchachusha majani, chakula chao kikuu. Tuliwaona pia mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani. Kima wa Sanje hatukumwona. Huyu hupenda kushuka chini kutafuta mbegu na matunda, na siku ile tulisikia sauti yake tu, mbali.

Kuhusu huyo kima kuna kisa ambacho kinamgusa mwanafunzi wa falsafa. Mwaka 1979 watafiti walisikia humu sauti ya kima ambaye hakuwamo katika vitabu vyao. Mwongozaji wao, mwenyeji, hakushangaa. Alikuwa anamjua siku zote. Mwaka 1991 watafiti wengine walikuta miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mchuzi kambini. Kumbe ni aina ya kwale asiyejulikana na sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia! Mwaka 2005 kipunji alitangazwa, akiwa amepatikana Rungwe na katika milima hii. Wanyakyusa walikuwa na jina lake tayari, na ndilo analoitwa leo duniani kote. Mwaka 2008 ikawa zamu ya sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga.

Basi, nani aligundua? Mtaalamu alipima, akalinganisha, akaandika, na bila kazi hiyo dunia isingejua kwamba kiumbe huyu yuko hapa tu na anahitaji kulindwa. Lakini kuna ujuzi mwingine uliotangulia, wa mtu aliyeishi na msitu.

Aristotle alifundisha kwamba falsafa huanza na mshangao. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza sababu ya kushangaa: wema wa Mungu ni mkubwa mno kuonyeshwa na kiumbe kimoja, ndiyo maana aliumba vingi na vya namna nyingi. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani. Pale Sanje nililielewa.

Jioni nilimsimulia mama mmoja wa jumuiya niliyokuwa nikisali nayo. Nilipojaribu kuiga ile sauti, akacheka, akaiiga vizuri kuliko mimi. Nikamuuliza amejifunzia wapi. "Kwenye kuni, Frateri," akasema.

Miaka ya nyuma wanavijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2011, kwa nia ya kuupumzisha msitu. Tangu hapo kila familia hutafuta kuni kwingine, au hununua mkaa.

"Mlima sisi hatuuchukii," mama aliendelea. "Maji yetu yanatoka kule. Mpunga wetu unakunywa kule. Ila chakula hakiivi kwa maji peke yake."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama alilihitaji. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 anatufundisha kwamba huwezi kuyatunza mazingira huku ukimsahau maskini, wala kumjali maskini huku ukiyaharibu mazingira. Mama yule anabeba pande zote mbili kichwani mwake, pamoja na mzigo wa kuni.

Wapendwa, mkipata nafasi nendeni Udzungwa. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia huwa kavu. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kidogo kuliko wageni. Vaeni viatu vinavyoshika ardhi, msiwape kima chakula, na rudini na takataka zenu. Mwisho, ongeeni na watu wa bondeni kabla ya kuondoka.

Ziara isiishie kwenye picha. Parokia inaweza kuotesha miti ya kuni katika viwanja vyake, na jumuiya zinaweza kufundishana kujenga majiko banifu ya udongo. Kubwa zaidi, tuanze kwetu. Niliporudi seminarini nilikwenda jikoni nikamuuliza mpishi kuni zetu zinatoka wapi. Alinitazama, akaweka mwiko chini.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna frateri aliyewahi kuniuliza."

Tumekubaliana nimsindikize siku lori litakapokwenda tena.