KIOO CHA UPEPO NA JOTO LA INJINI

Ndugu madereva wa bodaboda,

Asubuhi za Kabale, Uganda, ni za baridi, maana mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Dereva anayetoka alfajiri hupigwa na upepo kifuani mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana wenzetu hufunga kioo cha upepo, na wengine huongeza turubai la kukinga miguu. Kujikinga ni haki ya mfanyakazi. Lakini yafaa tufahamu kwamba upepo unaotuumiza sisi ndio unaopoza injini.

Pikipiki nyingi za abiria hazina maji ya kupozea. Injini hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda, pamoja na oili iliyomo ndani. Kioo kilichofungwa juu ya taa hakizuii hewa hiyo. Kinachozuia ni turubai, bati au gunia lililoshuka mpaka mbele ya silinda. Ongeza mlima, mzigo na gia ndogo, na injini itachemka.

Ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa pua, ili uone barabara kwa juu yake. Chenye mikwaruzo hutawanya taa za magari usiku, ukashindwa kuona. Kisafishe kwa maji na kitambaa laini. Petroli hupasua plastiki.

Dalili za joto ni hizi: nguvu hupungua, injini hugonga, na harufu ya oili inayoungua husikika. Ukiziona, simama kivulini, zima, ungoje. Usimwagie maji, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Ikipoa, kagua hivi:

1. Oili. Je, imefika kwenye alama?

2. Mapezi. Ondoa tope na chochote kinachoziba.

3. Breki. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki imebana na injini inavuta mzigo wa bure.

4. Plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Ikiwa nyeupe, huenda petroli haifiki ya kutosha, kabureta isafishwe.

5. Klachi, valvu na taimingi. Hizo mwachie fundi.

Mambo haya yakipuuzwa, pistoni hukwama ndani ya silinda, na hapo ugomvi huanza. Mwenye pikipiki husema dereva ameiua injini. Dereva husema oili haikununuliwa kwa wakati. Pasipo maandishi, mara nyingi anayelipa ni dereva, na hesabu ya kila siku bado inadaiwa.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kupokea pikipiki andikianeni mbele ya shahidi: nani ananunua oili, nani anamlipa fundi, na kwamba siku pikipiki iko gereji hesabu haidaiwi. Kisha weka daftari. Kila oili inapobadilishwa, andika tarehe na kilomita, naye mwenye pikipiki atie sahihi. Ukimwambia kwamba injini inachemka, liandike hilo pia siku ile ile. Asiyejua kuandika asione haya. Amwendee katibu wa stendi yake, amwandikie.