Sera Tatu, Mfuko Mmoja

Dandora ya Nairobi ilijulikana kwa jaa la taka kabla ya kujulikana kwa muziki. Mtaa wenyewe ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Baraza la jiji liligawa viwanja vipatavyo 6,000 vilivyokwisha kuwekewa huduma za msingi, na waliovipata wakajimalizia nyumba kwa nguvu zao. Kilichokuja kubadilisha sifa ya mtaa ni uamuzi uliofanyiwa mbali nao. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ililegeza mkono wake juu ya utangazaji, Capital FM ikaingia hewani mwaka 1996, vituo vingine vikafuata, na kabla muongo haujaisha vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walikuwa wakisikika nchi nzima wakirapu "Tafsiri Hii" kwa Kiswahili. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji, nao wa hukohuko, walitoa "Unbwogable", wimbo ambao muungano wa vyama vya upinzani, NARC, uliutumia katika kampeni zilizokiondoa chama cha KANU madarakani. Hakuna wizara iliyokuwa imeandika sera ya hip hop. Leseni za redio ndizo zilizofanya kazi ya sera ya utamaduni.

Robo karne baadaye, masafa yaleyale yamejaa matangazo ya kamari, na serikali inahangaika namna ya kuyadhibiti. Tatizo ni kwamba inayashughulikia kana kwamba hayana uhusiano na mambo mengine. Utamaduni una wizara yake, utangazaji una yake, na kamari kwa miaka mingi imekuwa kazi ya wizara inayosimamia usalama wa ndani. Yako mafaili matatu katika ofisi tatu, lakini fedha zinazozungumziwa humo zinatoka katika mfuko mmoja, na sehemu yake kubwa ni mfuko wa kijana wa mitaa kama Dandora. Madhali redio, michezo na sanaa vinategemea fedha hizo ili viishi, kila hatua ya kudhibiti kamari itaanza kwa kishindo na kuishia kwa kurudi nyuma.

Tuifuate hiyo shilingi tangu inapotoka. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, simu za intaneti zikashuka bei, na kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoanza mwaka 2014 ilikuta barabara imekwisha kulimwa: mtu angeweza kupanga mkeka wa mechi za Uingereza akiwa kituo cha matatu na kuulipia papo hapo. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017, uliofanywa kwa simu miongoni mwa vijana wa nchi kadhaa za Afrika, uliiweka Kenya mbele ya zote: asilimia 76 ya vijana waliohojiwa walisema wamewahi kucheza kamari. Mwezi Mei mwaka huohuo mchezaji mmoja alishinda jakpoti ya zaidi ya shilingi milioni 221, na habari zake zikatangazwa kila mahali. Mikeka iliyochanika siku hiyo haikuwa habari. Sehemu ya fedha za walioshindwa ililipia matangazo ya redio na runinga na ufadhili wa vilabu. Nyingine ilikwenda serikalini, na mwishoni mwa 2022 Mamlaka ya Ushuru ilianza kuunganisha mitambo yake na ya kampuni za kamari ili ipokee kodi kila siku. Kodi hizo nazo zimekuwa zikitunisha Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa kwa kanuni za mwaka 2018. Kwa hiyo msanii wa Dandora anayetafuta msaada wa serikali huenda akasaidiwa kwa fedha alizopoteza jirani yake.

Ukiielewa mikondo hiyo, kigeugeu cha serikali hakikushangazi. Sheria ya kamari iliyotumika hadi juzi ilikuwa ya mwaka 1966, iliyotungwa wakati kamari ilikuwa mambo ya kasino na mbio za farasi. Bila kuigusa kwa kina, serikali ilijaribu kudhibiti kwa kodi. Sheria ya Fedha ya 2017 ilipandisha kodi ya mapato ya kampuni hizo hadi asilimia 35, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 15. Ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau ulikuja 2019, ukafutwa 2020, ukarudi 2021 ukiwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024, kisha mwaka 2025 ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya fedha zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji. Mwaka 2019, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, kampuni 27 zilinyimwa leseni, zikiwemo kubwa kabisa, lakini mwaka uliofuata SportPesa ilikuwa imerudi sokoni. Mlevi hapunguzwi ulevi na mwenye baa, na serikali inayohesabu kodi ya kamari kila asubuhi haiko mbali sana na kaunta.

Vyombo vya habari viko karibu zaidi na kaunta hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka serikali kukuza utamaduni kupitia njia mbalimbali, na inataja waziwazi vyombo vya habari. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo hivyo. Uhuru huo unahitaji fedha. Kampuni nyingi kubwa za habari nchini ziko mikononi mwa watu na familia zenye nguvu za kiuchumi au kisiasa, na mwezi Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji, hatua iliyovibana vyombo binafsi. Kituo kinachokosa tangazo la serikali kinalikimbilia la kampuni ya kamari. Vingine vimekwenda mbali zaidi na kuendesha bahati nasibu zao wenyewe, mtangazaji akiwahimiza wasikilizaji watume vijishilingi kwa M-Pesa kati ya wimbo na wimbo. Hapo msikilizaji huambiwa acheze kamari na sauti ileile anayoitegemea kwa habari. Ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka Dandora, Koch FM ya Korogocho imekuwa hewani tangu 2006 kama redio ya jamii, lakini kanuni za utangazaji zinaziwekea redio za jamii mipaka ya matangazo ya biashara. Redio iliyo karibu zaidi na wananchi ndiyo yenye njia chache zaidi za kujipatia fedha.

Watetezi wa kamari wana hoja, na ya kwanza ni michezo. Wanasema bila kampuni hizi ligi ingekufa, na wana ushahidi: SportPesa ilipositisha ufadhili wa ndani Januari 2018, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards ziliyumba vibaya. Lakini tutazame tukio hilo kwa ukamilifu. Ufadhili uliondolewa wakati wa mvutano wa kodi, huku jina la kampuni likibaki kwenye jezi za Everton kule Uingereza. Baadaye kodi ilishushwa, na ufadhili nao ukarudi. Klabu za Kenya zilikuwa zimegeuzwa ngao katika vita visivyo vyao. Msaada unaoweza kuondolewa ili kuishinikiza serikali hauwezi kuitwa msingi wa michezo.

Hoja ya pili ni kwamba ukibana sana, wachezaji watahamia tovuti za nje zisizolipa kodi wala kumlinda mtu. Hoja hii ni nzito, na ndiyo sababu kupiga kamari marufuku si suluhisho. Lakini kuruhusu biashara ni jambo moja, na kuiachia ijitangaze popote ni jambo jingine. Kenya imekwisha kulithibitisha hilo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo na ufadhili wa kampuni za sigara, ambazo zamani zilikuwa na fedha nyingi katika michezo. Sigara zinauzwa hadi leo na zinalipiwa kodi, wala magazeti na redio hazikufungwa kwa sababu hiyo. Huko Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27, ilhali kamari ni halali kule.

Hoja ya tatu ni ya uhuru: mtu mzima na pesa zake, nani amwingilie? Ni kweli, na kijana wa Dandora hapaswi kusemwa kama mtoto asiyejua hesabu. Palipo na ajira za kubahatisha, mkeka wa shilingi 50 unaweza kuonekana kuwa njia pekee ya kupata fedha nyingi kwa mkupuo. Lakini uamuzi huru unahitaji taarifa za pande zote, na anayepaswa kuzitoa ni mwandishi ambaye mshahara wake unachangiwa na mwenye tangazo. Uhuru wa mchezaji unaharibiwa hapo, kabla hajagusa simu.

Mwezi Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote kwa siku 30, kisha ikatoa masharti mapya: watu mashuhuri wasitumike, na kila tangazo lipitie Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari inayounda mamlaka mpya. Ni hatua za maana, lakini zinakagua maneno ya tangazo na kuliacha hitaji lililolileta. Mamlaka mpya ichapishe wamiliki halisi wa kila kampuni yenye leseni, ili mwananchi ajue kama mwenye redio na mwenye kamari ni mtu mmoja. Vituo vya utangazaji vizuiwe kuendesha bahati nasibu zao. Matangazo ya serikali yagawanywe kwa vigezo vya wazi, na redio za jamii zipate fungu lake. Hazina ya michezo na sanaa ipewe fedha kutoka bajeti ya kawaida, ili siku kamari ikipungua msanii asipate hasara. Serikali itasema haina fedha hizo. Lakini inazikusanya tayari, kila siku, kutoka Dandora na mitaa mingine. Inachokosa ni nia ya kuona mapato hayo yakishuka. Kila sheria mpya ya kamari ipimwe kwa swali hilo: je, serikali iko tayari ifanikiwe?