HESABU MENO KABLA YA KUKATA MSHAHARA



Mwezi wa Julai mwaka 2023 tuliitwa kwenye gereji moja hapa Mocímboa da Praia. Fundi kijana, mwanachama wetu, alikuwa amekatwa nusu ya mshahara kwa miezi miwili mfululizo. Kosa lake, kwa maneno ya tajiri, ni kuvunja stata ya gari la mteja. Kijana alishikilia kwamba stata imeliwa na flaiwili isiyo yake. Tajiri akacheka. "Flaiwili ni flaiwili," akasema. "Imeingia, imefungwa, basi."

Tulikwenda watatu. Mmoja wetu ni mzee aliyezeeka na spana mkononi, nasi wawili tunajua zaidi mambo ya barua na vikao. Tulikubaliana tangu njiani kwamba hatutabishana kwa mdomo mpaka tuone chuma chenyewe.

Kwa wasiojua, flaiwili ni lile gurudumu zito linalofungwa mwisho wa krankishafti. Ukingoni lina meno, ambayo stata huyashika kuiamsha injini, na usoni mwake ndipo klachi inapokaa. Kwa Kireno huitwa volante, na usukani nao ni volante. Tumewahi kusikia habari za mtoto wa gereji aliyetumwa Pemba kununua volante akarudi na usukani, akapigwa makelele siku nzima. Hakuwa na kosa yule.

Gari lililoleta kesi lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa duara, ile ambayo Wareno waliiita carocha. Si gari la kudharau. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Afrika Kusini waliliunda hadi mwaka 1979, na Mexico hadi 2003. Miaka mingi namna hiyo, na nje gari ni lile lile, lakini ndani limebadilika mara nyingi. Ndiyo maana vipuri vyake huchanganyikana.

Hapa kwetu mchanganyiko umezidi. Vita viliingia mji huu Oktoba 2017, na Agosti 2020 mji ukatekwa. Waliorudi baada ya Agosti 2021 walikuta injini nusu hapa, giaboksi pale, na mwenyewe hajulikani aliko. Fundi huunganisha alichookota, na kingine huletwa kutoka Nampula au Mtwara bila karatasi wala jina.

Sasa tazameni jambo hili. Volkswagen za zamani zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Kuanzia miaka ya 1966 na 1967 nyingi zikawa za volti 12. Stata ikabadilika, na flaiwili ikabadilika. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130. Ukiyaweka magurudumu mawili kando kwa kando utaona meno 109 ni manene na yameachana, na yale 130 ni membamba na yamesongamana. Stata ya moja haiwezi kushikana sawasawa na nyingine. Itasaga.

Wengi hudanganywa na betri. Wanaona betri ya volti 12 wanasema gari ni la volti 12. Lakini magari mengi ya zamani yalibadilishwa dinamo, koili na taa tu, yakaachiwa stata na flaiwili ya volti 6, na yanakwenda vizuri hivyo hivyo. Betri si ushahidi. Hata klachi peke yake si ushahidi kamili. Ya milimita 180 ni ya zile za zamani, lakini ya milimita 200 utaikuta kwenye flaiwili za meno 130 na pia kwenye baadhi za meno 109. Kuhesabu ni lazima.

Mzee wetu akaomba chaki. Akaweka alama kwenye jino moja, akahesabu, na kila kumi akapiga mstari. Alipofika kwenye alama yake ya kwanza alikuwa na mistari kumi na mitatu. Meno 130. Akamwambia tajiri ahesabu mwenyewe. Akahesabu, akapata 129, akarudia, akapata 130.

Kisha tukaangalia tumbo la giaboksi. Flaiwili ya meno 130 ni kubwa kidogo kwa upana, na katika giaboksi ya zamani hugusa. Ndani tulikuta ganda limekwanguliwa kwa tupa, bado linang'aa. Tukauliza nani aliyeamuru. Kijana akatazama chini. Msaidizi wake ndiye aliyesema: tajiri alitaka gari litoke siku ile ile.

Nyuma ya gereji, chini ya mabati, ilikuwepo flaiwili ya injini ya kwanza ya gari lile. Meno 109. Ikarudishwa hiyo. Hapa tunaandika kwa ajili ya mafundi. Angalieni matundu ya pini nne. Yakiwa yamepanuka kama yai, msiifunge. Za zamani huwekwa gasketi, za baadaye zina mfereji wa oringi. Ukikosea hapo oili itaingia kwenye klachi. Zile washa tatu nyembamba za nyuma zipimwe upya, nafasi iwe milimita 0.07 hadi 0.13, usichukue za flaiwili nyingine ukadhani zitafaa.

Flaiwili hii hushikwa na nati moja tu, ya milimita 36. Ikilegea gurudumu lote huchezacheza na kuua krankishafti. Kwa injini za volti 12 hukazwa kwa kilo 35 kwa mita. Asiye na spana ya kupimia achukue bomba, na mtu wa kilo 70 asimame juu yake nusu mita kutoka kwenye nati. Zile za kwanza kabisa hukazwa kwa kilo 30, basi asimame mtu mwepesi zaidi.

Gari liliwaka kwa stata nyingine iliyotafutwa Palma. Tajiri alirudisha makato ya mwezi mmoja mbele yetu. Ya mwezi wa pili alisema atayafikiria. Tukamwachia barua, na nakala tukamkabidhi kijana. Ile flaiwili ya meno 130, yenye mistari ya chaki, imetundikwa ukutani kwenye gereji ile, na mzee amewaambia vijana wasiifute.

Makato ya pili yalilipwa Septemba, pungufu kidogo. Kiasi kilichobaki bado tunakidai.